Kosa la marehemu: kisa cha Antigone iliyoandikwa upya kwa jukwaa la Kiswahili

Kisa hiki kinahusu kundi la maigizo katika jiji moja la Kenya lililoichukua Antigone, tamthilia ya Mgiriki wa kale Sophocles, likaiandika upya kwa Kiswahili, likaijaribu mbele ya watu, kisha likaibomoa na kuijenga tena. Jina la kundi, la mji na la mfadhili yameondolewa, na majina ya wahusika wa mswada yamebadilishwa. Nilialikwa kama mshauri wa mswada, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona nikiwa ndani ya mazoezi.

Usuli

Waigizaji wa kundi hili ni kumi na wachache, na wengi wamelelewa na maigizo ya uhamasishaji: yale yanayochezwa sokoni au kwenye uwanja wa shule, ujumbe ukiwa umeshaandikwa kwenye bango la mfadhili kabla mtu hajafungua kinywa. Ukimwi, ukeketaji, ndoa za mapema, amani. Kazi hiyo wanaiweza. Wanajua kumsimamisha mpita njia, kumchekesha, na kumwacha aende zake na neno moja moyoni. Ustadi huo huo ndio uliokuja kuwaponza.

Mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu, shirika moja lilitoa fedha za tamthilia ya amani: maonyesho ya ukumbini kwanza, kisha ziara katika miji mitatu. Mwelekezi alikuwa amechoshwa na igizo la majirani wanaogombana halafu wakapeana mikono. Akapendekeza Antigone.

Kwa asiyeijua: ndugu wawili, Eteocles na Polyneices, wanagombea kiti cha Thebes. Polyneices anakuja na jeshi la kigeni kuuteketeza mji wake mwenyewe, na ndugu hao wanauana langoni. Mjomba wao Creon anashika utawala na kutoa amri: Eteocles azikwe kwa heshima, Polyneices aachwe aliwe na mbwa na ndege. Dada yao Antigone anamzika hata hivyo. Anakamatwa na kufungiwa pangoni akiwa hai, na huko anajinyonga. Haemon, mwana wa Creon na mchumba wa Antigone, anajiua kando ya maiti yake. Eurydice, mama yake Haemon, akipata habari anajiua pia. Creon anabaki peke yake. Tamthilia ilichezwa Athens yapata mwaka 441 K.K., na haifiki hata mistari 1,400.

Hoja ya mwelekezi ilikuwa fupi: Mkenya hahitaji kuelezwa kwa nini watu wagombee maiti. Wenye umri wanaikumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika karibu na Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe kwao Nyalgunga, Siaya. Shauri lilipanda hadi Mahakama ya Rufani, ukoo ukashinda, na mazishi yakafanyika Mei 1987 bila mjane kuhudhuria. Nchi nzima ilikuwa na upande. Mwelekezi alitaka ukumbi wenye pande namna hiyo.

Mswada wa kwanza

Hadithi ilihamishiwa nchi isiyotajwa jina, wiki chache baada ya ghasia za uchaguzi. Antigone akawa Nuru, Creon akawa Mheshimiwa. Polyneices akawa mwanafunzi aliyepigwa risasi katika maandamano akiwa mikono mitupu. Hapa mfadhili hakushurutisha kitu. Waandishi wenyewe waliona vibaya kumfanya marehemu awe mtu mwovu; walisema hadhira isipompenda kijana haitamhurumia dada yake.

Hotuba ya kwanza ya Creon ilikatwa ikabaki sentensi nne, zote za vitisho. Akapewa kirungu na miwani ya giza. Korasi, lile kundi la wazee wanaoimba na kutoa maoni juu ya yanayotokea, iliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na msimulizi mmoja, kwa sababu mbili: posho, na imani kwamba watu hawatakaa kimya kusikiliza wazee wakiimba. Vifo vililetwa jukwaani, Haemon akijichoma kisu huku amefungiwa kifuko cha rangi nyekundu chini ya shati. Mwishoni wananchi wanamng'oa Mheshimiwa kwa wimbo.

Ukiusoma mswada huo mezani ulikwenda vizuri. Kila uamuzi ulikuwa na sababu ambayo mtu wa maigizo ya uhamasishaji angeikubali bila kubisha.

Onyesho la majaribio

Watu wa mtaa walialikwa na ukumbi ukajaa. Mheshimiwa alizomewa kabla hajasema neno, kirungu kilitosha. Nuru alipigiwa makofi kila alipomaliza sentensi, na nyuma ya pazia waigizaji walikuwa wakipongezana. Kisu kilipotoka watu wakacheka. Rangi ilipochuruzika wakacheka zaidi, na kijana mmoja wa viti vya nyuma akauliza kwa sauti nani atamfulia shati.

Ukafuata mjadala. Nani alikuwa na haki? Nuru. Nani alikosa? Mheshimiwa. Tufanye nini? Tudumishe amani. Kikao kilielekea kwisha kabla chai haijachemka.

Mama mmoja, muuza mboga, alinyoosha mkono akiwa ameshachelewa. Akauliza kijana yule aliyekufa alikuwa amekosa nini. Mwigizaji wa Nuru akamjibu kwamba hakuwa na kosa lolote.

"Basi kama hakuwa na kosa," mama akasema, "sisi mnatuuliza nini?"

Msimamizi alimshukuru na kufunga kikao.

Kubomoa na kujenga

Kesho yake kundi liligawanyika. Baadhi walitaka kurekebisha kicheko tu: kisu kiondolewe, mengine yabaki. Mwelekezi alishikilia swali la mama, na mimi nilimuunga mkono, kwa kuwa lilikuwa limegusa mahali penyewe. Sophocles hakumpa Antigone ndugu asiye na hatia. Alimpa ndugu aliyekuja kuchoma nyumba za watu waliokuwa wamekaa mbele ya jukwaa, kwa namna ya kusema. Ukimwosha Polyneices ukamtakasa, amri ya Creon inakuwa ukatili mtupu, na hapo hakuna la kujadili.

Kwa hiyo uamuzi wa kwanza wa mswada wa pili ulikuwa kumrudishia marehemu kosa lake. Ndugu yake Nuru sasa ndiye aliyeongoza genge lililochoma soko usiku, na watu wakafia ndani ya vibanda. Jambo hili lilitajwa katika dakika za kwanza kabisa na Nuru mwenyewe, bila kulipunguza. Mwigizaji alipata shida nalo. Kwa siku kadhaa alikuwa akiitamka sentensi ya soko kwa haraka, kama mtu anayepita karibu na mbwa, mpaka mwelekezi alipomtaka aiseme huku akimtazama mtu mmoja wa hadhira usoni.

Uamuzi wa pili ulimhusu Creon, na ndio uliochukua muda mrefu zaidi. Mwigizaji wake alizoea kucheza wabaya na hakuona kwa nini huyu awe tofauti. Mambo mawili yalimgeuza. La kwanza ni kwamba Demosthenes, msemaji mkubwa wa Athens, alisomesha mistari ya hotuba hiyo hiyo ya Creon mahakamani mwaka 343 K.K. kama mfano wa maneno ya busara kuhusu uongozi. Kwa Waathene, basi, hotuba ile haikusikika kama bweko la dikteta. La pili lilikuwa karibu zaidi na nyumbani. Nelson Mandela, akiwa mfungwa Robben Island, alicheza Creon katika onyesho la wafungwa, na katika kumbukumbu za maisha yake anasema kwamba mwanzoni Creon ni mkweli na mzalendo, na kuna hekima katika maneno yake. Kinachomwangusha ni ukaidi wa kutosikiliza. Mwigizaji aliposikia Mandela alicheza nafasi hiyo, alikaa kimya kidogo, halafu akaomba mswada ausome tena.

Hotuba ikarudi karibu yote. Mtu hajulikani moyo wake wala akili zake mpaka aonekane ameshika madaraka. Anayemtanguliza rafiki mbele ya nchi yake si kitu. Nchi ndiyo chombo kinachotubeba, na kikienda sawa ndipo tunapoweza kuwa na marafiki. Kirungu na miwani vikaenda stoo. Akavaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi, na kwenye mkono akafunga kitambaa cheusi, kwa kuwa Creon naye amefiwa: katika Sophocles, Eurydice anakufa akimlaumu mumewe kwa kifo cha mwana wao mwingine, Megareus. Watazamaji wengi wa Antigone hawalikumbuki jambo hilo. Sisi tulilileta mbele, Mheshimiwa akilitaja mara moja na kuliacha.

Korasi ilirudi ikiwa wazee watano wa mtaa, wanaume watatu na wanawake wawili, wakikaa kwenye benchi pembeni ya jukwaa tangu mwanzo hadi mwisho. Posho ilipatikana kwa kupunguza taa. Nyimbo zote hazikuwezekana. Wimbo wa maajabu mengi ya ulimwengu, ambamo mwanadamu anavuka bahari, analima ardhi na kushinda kila kitu isipokuwa kifo, ulibaki mzima. Mingine ilipunguzwa ikawa sala fupi au kuguna tu. Kumbe watu walikaa kimya. Benchi la wazee wanaosikiliza kesi ni kitu ambacho kila mmoja ukumbini alikuwa amekiona kwa chifu au nyumbani, na hata wakati hawaimbi hadhira iliwatazama nyuso kujua mambo yanaelekea wapi.

Vifo vikatoka jukwaani. Kwa Wagiriki mauaji kwa kawaida hayakuonyeshwa. Mjumbe aliingia akasimulia. Kundi liliogopa kwamba mtu mmoja kusimulia kwa dakika nyingi kungewachosha watu. Lakini nenda matanga yoyote: kila anayefika huuliza ilikuwaje, na mfiwa huanza tena kutoka mwanzo, aliamka vipi, alikula nini, nani alimpigia simu nani. Mjumbe wetu alipewa kigoda. Akaketi mbele ya mke wa Mheshimiwa, akaanza kwa utaratibu ule ule, na hakuna aliyecheka.

Ndani ya simulizi hiyo kuna jambo dogo ambalo mswada wa kwanza ulilipita. Creon anapojuta, wazee wanamwambia akamtoe msichana kwanza, kisha amjengee marehemu kaburi. Yeye anakwenda na kufanya kinyume: anaosha na kuchoma mabaki ya maiti, anajenga kilima cha kaburi, ndipo anaelekea pangoni. Anakuta msichana ameshajitundika. Mtu aliyekuwa amewanyima wafu haki yao sasa anawatanguliza wafu mbele ya mtu hai. Katika mswada wa pili mjumbe alitakiwa kuitaja kazi ile ya makaburini hatua kwa hatua, polepole, mke akisikiliza. Hapo ndipo ukumbi ulipoanza kunong'ona, watu wakihesabu dakika.

Udongo wenyewe ulitusumbua kwa namna ya kawaida kabisa. Nuru anamwaga konzi ya udongo juu ya maiti, ishara ambayo hapa haihitaji maelezo. Udongo mwekundu mkavu uliwakohoza wazee wa korasi, na kwenye sakafu ya saruji ukateleza; mwigizaji wa askari alianguka katika mazoezi. Mwishowe ulichekechwa kwa chekeche la unga, ukanyunyiziwa maji asubuhi, ukawekwa kwenye beseni chini ya turubai. Waliposambaza udongo mbichi kiasi, sauti ya kuanguka kwake ilisikika hadi viti vya nyuma, faida ambayo hakuna aliyeipanga.

Matokeo

Mfadhili alitazama mazoezi ya mswada wa pili na kuuliza kwa nini mchoma soko anaombolezwa. Baada ya mazungumzo, shirika lilikubali maonyesho ya ukumbini yaendelee, likaomba nembo yake isitumike, na fedha za ziara hazikutoka. Sisemi walikosea. Waliomba tamthilia ya amani na wakaletewa tamthilia ambayo watu walitoka wakibishana.

Na walibishana kweli. Mwanamume mmoja alisema kama ndugu yake angechoma soko asingemzika, na jirani yake akamwuliza angemwacha wapi. Wengine walisema Mheshimiwa alistahili kutii sheria yake mwenyewe hadi mwisho na kwamba udhaifu wake ulikuwa kubadili nia. Kesi ya Otieno ilitajwa na wazee wawili waliokuwa pande mbili tofauti. Mwanamke mmoja kijana alisema aliyemkera zaidi ni Ismene, yule dada anayekataa kusaidia mazishi halafu anataka kushiriki adhabu. Wengi wa rika lake walimtetea Ismene kwa nguvu kuliko walivyomtetea Nuru.

Uchambuzi

Kazi ilianza kwenda pale marehemu alipopata hatia na Creon akapata hoja. Mengine yote yalifuata hilo. Haikuhusu majina kuwa ya Kigiriki au ya Kiswahili, na hapa natofautiana na wenzangu wengi wanaodhani kuiandika upya tamthilia ya kale ni kuibadilishia nguo. Nuru angeweza kubaki Antigone na Mheshimiwa akabaki Creon, swali la mama lingesimama vile vile. Samuel Mushi alipoileta Oedipus, tamthilia nyingine ya Sophocles, kwa Kiswahili mwaka 1971 kwa jina la Mfalme Edipode hakuhitaji kuihamisha Thebes.

Kuna pingamizi la haki. Mjerumani Bertolt Brecht, katika Antigone yake iliyochezwa Chur, Uswisi, mwaka 1948, alimfanya Creon mtawala dhalimu anayepigana vita vya uporaji, na The Island, tamthilia ya Afrika Kusini ya Athol Fugard, John Kani na Winston Ntshona ya mwaka 1973, haimpi Creon hoja za kumtetea sana. Ndiyo sauti ya dola la ubaguzi. Mbona kazi hizo zinasimama? Kwa The Island jibu liko wazi: mgogoro umehamia kwingine. Uko kati ya wafungwa wawili wa chumba kimoja, mmoja akiwa amepata habari kwamba atatoka baada ya miezi mitatu na mwingine akibaki na kifungo cha maisha. Antigone wanayoicheza mwishoni inabebwa na ugomvi huo. Anayetaka kumfanya Creon bapa anaweza, ila lazima uzito wake auweke mahali pengine, na mswada wetu wa kwanza haukuuweka popote. Mfaransa Jean Anouilh alikwenda njia nyingine, ya kumpa Creon hoja: Antigone yake ilichezwa Paris Februari 1944, chini ya Wajerumani, ikapita kwa wakaguzi wao, na Creon wake alikuwa na hoja nzito kiasi kwamba watazamaji wa pande zinazopingana waliona tamthilia inawasemea wao.

Korasi ilikuwa uamuzi bora wa pili, na nadhani makundi mengi huiondoa kwa haraka mno. Wazee hawa wanabadili mawazo polepole, wanaogopa, wanajipendekeza kwa mwenye madaraka, na wanasema ukweli wakiwa wamechelewa. Hadhira ikiwatazama inajiona. Msimulizi mmoja hawezi kazi hiyo kwa sababu yeye tayari anajua mwisho.

Kuna yaliyoshindikana. Tiresias, nabii kipofu ambaye maonyo yake ndiyo yanayomgeuza Creon, hatukumpatia mahali. Tulipomfanya mganga watu walicheka. Tulipomfanya mchungaji walisema amina, na Mheshimiwa akaonekana amebadili nia kwa kuhubiriwa, jambo lililomwondolea nusu ya aibu yake. Sophocles ana mzee kipofu anayeongozwa na mtoto, basi. Ningeanzia hapo, bila cheo chochote.

Maneno ya Nuru akielekea pangoni, yale anayosema asingefanya hivi kwa mume wala kwa mtoto, kwa kuwa hao wanaweza kupatikana wengine ilhali ndugu hapatikani wazazi wakiwa wamekufa, yalirudishwa kwa msisitizo wangu na yaligawanya ukumbi vibaya. Mshairi Mjerumani Goethe alitamani mistari hiyo ithibitishwe kuwa si ya Sophocles. Aristotle aliinukuu bila wasiwasi. Ningeendelea kuiacha, lakini mwigizaji anahitaji kimya kabla yake, na sisi tulimpa wimbo.

Kosa zito zaidi halikuwa la mswada. Usiku mmoja mwanamke ambaye jamaa yake hakuonekana tangu ghasia za miaka ya nyuma alitoka nje akilia wakati wa simulizi la mjumbe, na hapakuwa na mtu aliyeandaliwa kumfuata. Aliyemkimbilia ni mkata tiketi. Tamthilia inayohusu maiti isiyozikwa, ikichezwa mahali penye watu wasiojua wapendwa wao walilala wapi, haiwezi kufunguliwa milango hivi hivi. Antigone in Ferguson, onyesho la Marekani lililoanza Missouri mwaka 2016 baada ya mauaji ya Michael Brown, kijana Mweusi aliyepigwa risasi na polisi na ambaye mwili wake ulilala barabarani kwa takriban saa nne, lilikuwa na kwaya, na baada ya tamthilia kusomwa walitangulia kuzungumza watu wachache wa jamii hiyo hiyo kabla kipaza sauti hakijapewa ukumbi mzima. Sisi tulimkabidhi kipaza sauti yeyote aliyenyoosha mkono kwanza, na siku zote alikuwa mwanamume mwenye sauti.

Haki za maandishi

Hili ni fupi ila limeshawatia watu wengine matatani. Sophocles hana mwenyewe, mtafsiri anaye. Mswada wa kwanza ulichota sana kutoka tafsiri ya Kiingereza ya mtu aliye hai, na kundi lilikuwa halijaomba ruhusa. Wa pili uliandikwa upya kutoka tafsiri ya Richard Jebb, aliyefariki 1905. Sheria ya Kenya inalinda kazi ya fasihi kwa maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo Anouilh, aliyefariki 1987, bado yumo, na yeyote anayetaka maneno yake lazima alipe.

Kundi sasa linatafuta kumbi zinazokubali kugawana mapato ya mlangoni. Mmoja wa wazee wa korasi amejitoa kwa sababu ya goti, na nafasi yake imeombwa na yule mama wa mboga.